Mwekezaji ataka asilimia 55 ya kampuni yetu, na tuuze kabla ya kusajiliwa

Assalaam aleykum Ami, na shikamoo.

Mimi ni binti wa Lamu, mtaa wa Langoni. Nilisomea uhandisi wa vifaa tiba, nikafanya kazi Mombasa, kisha nikarudi nyumbani na kufungua kampuni pamoja na wenzangu wawili. Mmoja ni mhandisi wa umeme kutoka Nairobi, mwengine ni muuguzi wa huku kwetu aliyekaa wodi ya wazazi miaka mingi. Tumetengeneza kifaa cha taa ya buluu cha kutibu watoto wachanga wenye manjano. Kinatumia betri na sola, na chote kinaingia kwenye sanduku ambalo mtu mmoja hulibeba mpaka kwenye mashua.

Sababu ya kukitengeneza waijua, ukiwa mtu wa pwani. Mtoto akizaliwa Kizingitini au Kiwayu akageuka manjano siku ya tatu, mama huambiwa amwanike jua la asubuhi. Lisipofaa jua, ni safari ya mashua mpaka hospitali ya King Fahd. Maji yakiwa yamekupwa, mlango wa bahari wa Mkanda haupitiki, na ukizunguka kwa nje msimu wa kusi bahari haina huruma. Wengine hufika mtoto ameshalegea, hanyonyi. Muuguzi wetu amewaona baadhi ya watoto hao wakikua na mtindio wa ubongo, na ndiye aliyenitia katika jambo hili.

Tulianza kwa ruzuku ya shirika moja la nje, iliyokuwa ilipwe kwa awamu. Mapema 2025 awamu ya pili ilisimamishwa kwa barua pepe ya mistari michache, na ya tatu hata haitajwi tena. Pesa tulizobakiwa nazo zatosha miezi minne hivi, tena kwa kujibana. Tuna vifaa vitano vya mfano. Viwili tuliviweka kwenye zahanati ya kisiwani kuangalia betri na sola tu, bila mtoto, na feni zake zimeliwa na chumvi.

Sasa ametokea mwekezaji. Ni mtu wa Nairobi, anaagiza vifaa vya hospitali kutoka nje. Anatoa shilingi milioni 12 kwa asilimia 55 ya kampuni. Sharti lake ni kwamba tuanze kuuzia kliniki za binafsi za Malindi na Mombasa kabla ya mwaka kwisha. Nilipomwambia hatujasajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu alicheka. Akasema tuandike kwenye sanduku kuwa ni taa ya kawaida ya LED, daktari mwenyewe atajua pa kuitumia. Mwenzangu wa Nairobi asema tutie sahihi, kwa sababu kampuni iliyokufa haimwokoi mtoto yeyote. Muuguzi naye ameapa kwamba siku tutakayotia sahihi, yeye anatoka.

Afisa mmoja wa afya wa kaunti ametuambia kwa mdomo kuwa watanunua vifaa arobaini bajeti ikipita. Na mamangu, Mungu amweke, ameleta dhahabu yake kwenye kitambaa akaiweka mbele yangu. Nimeikataa, naye haishi kunirudia. Mkopo wa riba sitaki, na hilo halina mjadala nyumbani kwetu.

Tumeajiri vijana wawili, hawajui lolote. Kila mwisho wa mwezi nawalipa na kutabasamu. Nifanye nini Ami? Nitie sahihi, nifunge, au nisubiri kaunti?

Mhangaikaji wa Langoni, Lamu

AMI AJIBU

Waaleykum salaam mwanangu, marahaba.

Usitie sahihi. Naanza na hilo ili usisome barua yote hii roho ikiwa mkononi. Na sababu yangu ya kwanza si asilimia 55, ingawa hiyo nayo ni mbaya. Ni lile sharti.

Kifaa huwa kifaa tiba kwa kazi iliyokusudiwa, si kwa maneno ya sandukuni. Ukiiuzia kliniki taa huku ukijua mtoto mchanga atalazwa chini yake, umeuza kifaa tiba kisichosajiliwa, na likitokea la kutokea atakayetafutwa kwanza ni aliyekitengeneza. Acha sheria kidogo, utazame tiba yenyewe. Taa hii ikiwa dhaifu haimuunguzi mtoto wala haitoi moshi. Inawaka buluu vilevile, mama anaiona, muuguzi anaiona, kila mtu ametulia, na huku bilirubini, ile rangi ya manjano ya damuni inayodhuru ubongo, inapanda. Ndiyo maana madaktari wa watoto wa Marekani waliweka kiwango: tiba kali ya mwanga ni maikrowati 30 au zaidi kwa kila sentimita mraba kwa kila nanomita, na mwanga wenyewe uwe wa nanomita 460 hadi 490. LED hufifia kwa kutumika na kwa joto. Hivyo viwili vilivyoliwa feni, mlivipima kwa kipima mwanga baada ya kuvirudisha, au mlitazama tu kama vinawaka? Barua yako haisemi, na mimi ningeanzia hapo kesho asubuhi.

Mwenzako wa Nairobi ana haki ya kuogopa, usimfanye adui. Mwambie tu kwamba mtoto mmoja akiharibika chini ya taa yenu, kampuni itakufa vilevile, na hakuna zahanati ya kisiwani itakayompokea tena kijana mwengine yeyote ajaye na kifaa cha kubuniwa. Yule muuguzi ndiye aliyelisema jambo hili kwa usahihi. Akitoka yeye mtabaki mafundi wawili wenye taa, na hakuna mtaalamu wa kuwafungulia mlango wa wodi.

Sasa hesabu. Milioni 12 kwa asilimia 55 maana yake kampuni nzima, pesa zake zikiwemo, ni milioni 21.8; ukitoa hizo 12, kazi yenu yote mpaka leo ameipa thamani ya milioni 9.8. Nyinyi watatu mnabaki na asilimia 45, yaani 15 kila mmoja mkigawana sawa. Na milioni 12 hazitawafikisha kwenye usajili na utengenezaji wa kweli, kwa hivyo mtauza tena. Mkiuza robo ya kampuni raundi ijayo, kila mmoja wenu anashuka mpaka asilimia 11.25. Mwekezaji wa pili akiiona orodha hiyo ya wenye hisa atajiuliza kwa nini waliobuni kifaa wajitese miaka mingine mitano kwa kipande hicho, naye ataondoka. Desturi ya raundi ya mwanzo ni kuuza asilimia 10 hadi 20, au zaidi kidogo. Tena huyu ni mwagizaji. Mwenye hisa nyingi anaweza kukikuza kifaa chako, na anaweza pia kukiweka kabatini kisishindane na anavyoviagiza. Nia yake anaijua mwenyewe, ila mkataba huo unamruhusu yote mawili.

Lakini mwanangu, nina ugomvi na barua yako. Umenieleza nani ana pesa na nani hana. Hukunieleza hata mstari mmoja pesa hizo zitanunua ushahidi gani. Ukipewa hizo milioni 12 leo bila sharti lolote, utazifanyia nini kwanza? Kampuni changa ya kifaa tiba haina mauzo ya kuonyesha, kwa hivyo inachouza kwa mwekezaji ni hofu iliyopungua. Kila hatua iondoe shaka moja kubwa, na thamani yenu ipande kabla hamjaomba tena. Mkiomba pesa za kukalia tu mpaka mambo yatengenee, mtauziwa kwa bei ya mtu anayezama.

Shaka yenu ya kwanza mmeshaigundua bila kuijua: chumvi. Wewe waiona feni iliyooza kama aibu ya kuficha. Mimi naiona kuwa ndiyo sababu ya kampuni yenu kuwepo, kwa maana taa za kutoka nje zimejaa sokoni na nyingi hazikubuniwa mtu akiufikiria mji wa kisiwani kama Faza. Toeni feni kabisa, joto liondoke kwa bamba la alumini, saketi zipakwe varnishi ya kuzuia unyevu, kisha kifaa kipitishwe jaribio la ukungu wa chumvi. Jaribio hilo lina kiwango chake, IEC 60068-2-11. Kwa usalama wa taa za watoto wachanga kiwango ni IEC 60601-2-50, na bila shaka unakijua. Kabla ya kulipa maabara kubwa, fanyeni wenyewe kila kipimo kinachowezekana na muandike kila kitu, hata mlichoshindwa. Daftari hilo la makosa na marekebisho ndilo mwanzo wa mfumo wa ubora wa ISO 13485, kiwango cha kimataifa cha watengenezaji wa vifaa tiba, na halihitaji mfadhili.

Halafu tafuta waraka wa UNICEF na NEST360, muungano wa kuboresha huduma za watoto wachanga, wa mwaka 2020 unaoeleza vifaa vya watoto wachanga vinavyofaa mazingira kama yetu, taa ya kutibu manjano ikiwemo. Pima kifaa chako mstari kwa mstari. Mwekezaji wa afya akiuona ukurasa mmoja unaosema hapa tumefika, hapa hatujafika, na hapa patagharimu kiasi hiki, atakuheshimu kuliko ukimletea video yenye muziki.

Utafiti wa kwanza hospitalini usiwe wa kuthibitisha kuwa watoto wanapona. Huo ni mkubwa na ghali, na kwamba mwanga wa buluu unavunja bilirubini limeshajulikana miaka mingi. Onyesheni kwamba manesi wanaitumia ipasavyo bila nyinyi kusimama kando, na kwamba nguvu ya mwanga haiporomoki mwezi hadi mwezi, mkiilinganisha na taa iliyosajiliwa. Siku mtakapomlaza mtoto wa kwanza chini yake, muwe na kibali cha kamati ya maadili iliyoidhinishwa na NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi, leseni ya NACOSTI yenyewe, na ruhusa ya Bodi. Mna jirani mwema hapo Kilifi: kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome kimekuwepo tangu 1989. Kawatafuteni wataalamu wa watoto wachanga, muwaombe mawaidha kwanza, pesa baadaye. Na mkiandika pendekezo msisahau upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, upungufu ambao kwetu pwani si jambo geni kwa sababu ya malaria ya tangu mababu, na huwafanya watoto wapate manjano makali zaidi. Mtu wa Nairobi huenda asilikumbuke.

Nikwambie na kisa kimoja cha kweli, maana najua mtu atakushauri uingie mashindano ya wabunifu. Shirika la Marekani liitwalo Design that Matters lilibuni kiangulio cha watoto njiti kilichoundwa kwa vipuri vya gari: taa za mbele zikitoa joto, betri ya pikipiki ikisubiri umeme ukatike. Kilisifiwa dunia nzima, jarida la TIME likakiweka kwenye orodha yake ya uvumbuzi bora wa 2010. Hakikuingia sokoni. Waliobuni walisema baadaye kwamba walimfikiria mtumiaji wakamsahau anayetengeneza, anayenunua na anayesambaza. Mradi wao uliofuata ulikuwa taa ya kutibu manjano kama yako, Firefly, na safari hii walianza pamoja na kiwanda, MTTS cha Vietnam. Hiyo ilifika mahospitalini. Kwa hivyo ukiingia mashindano, ingia yale ambayo zawadi yake ni maabara au washauri wa usajili. Hundi ya kadibodi na picha na waziri hazitakupeleka mbali.

Pesa za kuvuka hii miezi, basi. Ruzuku endelea kuziomba, lakini tangu Marekani iliposimamisha misaada ya nje Januari 2025, na USAID kufungwa Julai mwaka huohuo, usiweke mshahara wa mtu juu ya jibu la ombi lolote. La riba nimekuelewa, na kumbe lina mlango. Kuna mkataba uitwao SAFE, uliotolewa na Y Combinator, kampuni ya Marekani inayokuza kampuni changa, mwaka 2013, ambao mwekezaji hutoa pesa leo akapewa hisa raundi ijayo, bila riba na bila tarehe ya kulipa. Hati za mkopo wa kugeuzwa hisa, zile za kawaida, huwa na riba ndani yake, kwa hivyo soma vizuri usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Hata SAFE yenyewe mpelekee shehe anayejua fiqhi ya muamala akwambie juu ya kutojulikana bei ya hisa. Shehe wa kufungisha ndoa huenda si huyo. Benki za Kiislamu nazo zipo Kenya tangu 2008, ila mnunuzi wa kweli akishaagiza ndipo zitakapowafaa, kwa kununua vipuri kwa murabaha, yaani benki inavinunua kisha inawauzia kwa faida iliyotajwa wazi.

Na kuna kazi iliyo mbele ya macho yenu. Utafiti uliochapishwa 2011 ulikuta karibu asilimia 40 ya vifaa vya hospitali katika nchi zenye kipato kidogo havifanyi kazi. Mashine za oksijeni zenye chujio zilizoziba, mashine za kufyonza, vipimo vya presha: kuanzia Mpeketoni na Witu mpaka Malindi zipo kliniki za binafsi zinazopeleka vitu hivyo Mombasa au kuvifungia stoo. Nyinyi ni wahandisi wawili na muuguzi. Wekeni mkataba wa matengenezo wa kila mwezi na kliniki chache, siku mbili kwa wiki, zisizidi. Zikizidi, mtakuwa karakana. Mtalipwa mkiangalia vifaa vinavyokufa kwa chumvi na namna vinavyokufa, jambo ambalo mlikuwa mtumie ruzuku kulijua.

Afisa wa kaunti: ahadi ni deni, lakini si deni la kupeleka benki. Mwombe barua, yenye jina la idara na masharti, hata kama haitoi senti. Barua hiyo ina kazi mezani kwa mwekezaji. Usiagize kipuri hata kimoja kwa sababu yake. Kaunti zetu zinajulikana kwa kuchelewesha malipo, na kampuni ya watu watano haiwezi kuikopesha serikali vifaa arobaini. Ni afadhali kuiangalia hospitali moja moja, kwa maana sheria ya 2023 ya fedha za kuboresha vituo vya afya imeviruhusu vituo vya umma kubaki na mapato vinayokusanya na kuyatumia. Mganga mkuu mwenye bajeti ndogo yake mwenyewe ni mteja wa karibu zaidi. Haya yote ni baada ya usajili.

Dhahabu ya mamako irudi kwenye kitambaa chake. Ingelipa mishahara ya miezi michache bila kubadilisha lolote kati ya niliyoyasema, na ndugu zako wangekuja kuiuliza siku ambayo hutaki kuulizwa. Kaa naye umweleze ulikataa kwa nini, maana mama akikataliwa bila maelezo hudhani amedharauliwa. Ukimtaka ashiriki, mwombe akujulishe kwa kina mama wenzake waliowahi kupanda mashua usiku na mtoto mgonjwa.

Vijana waambie wiki hii, wote wawili pamoja, na takwimu mezani. Ikibidi kumpunguza mtu, Sheria ya Ajira ya 2007 inataka notisi ya mwezi mmoja, kwake na kwa afisa wa kazi, na malipo ya siku 15 kwa kila mwaka aliofanya kazi. Ziweke kando pesa hizo sasa hivi, kabla hazijaliwa. Huenda mmoja akakubali nusu mshahara na kazi ya matengenezo. Au ataondoka, naye ni haki yake kupata nafasi ya kutafuta kwengine mapema.

Anabaki yule bwana. Usimfukuze. Ana njia za kuuzia kliniki, na nyinyi hamna. Mwandikie kwa adabu kwamba mnaomba milioni 3 kwa SAFE, kikomo cha thamani ya kampuni kikiwa milioni 20, pesa hizo zikiwemo, yaani angalau asilimia 15 itakapogeuzwa kabla ya hisa mpya za raundi hiyo, na pesa hizo ni za jaribio la chumvi, vipimo vya usalama na maombi ya vibali, si za mauzo. Kwa hisani yake mtampa haki ya kusambaza Pwani kwa miaka miwili, itakayoanza siku Bodi itakapotoa cheti na kufutika asipouza idadi mtakayokubaliana. Kisha neno la taa ya kawaida liandikwe wazi kuwa halitafanyika. Akikubali sharti hilo la mwisho, mna mtu wa kuzungumza naye. Akilikataa, msiendelee naye hata akipandisha dau. Mkataba ukija, nitumie na wakili wako auone, kabla ya sahihi.

Ami